Hesabu za Tantine Zawadi

Mwezi uliopita nilikwenda Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, kumwona mama yangu, nikamkuta jirani yake akikandika nyumba. Alikuwa ameloweka udongo tangu asubuhi, ameuchanganya na majani yaliyokatwakatwa, na sasa alikuwa akiupaka ukutani kwa viganja, juu kwenda chini, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nilisimama pale nikiwa bado na mkoba wangu wa safari begani. Harufu ya udongo mbichi wa ukutani haifanani na ya shamba baada ya mvua. Ina ubaridi wa ndani ya nyumba, ina moshi wa zamani unaoamka ukiloweshwa. Jirani aliniuliza kama nimepotea njia. Nikamjibu kwamba nimemkumbuka tu shangazi yangu.

Sisi watu wa Kivu Kusini, Kongo, shangazi tunamwita Tantine, na huyu wangu alikuwa Tantine Zawadi, mdogo wake Papa, baba yangu, wa kufuatana ziwa. Alifika Nakivale baada yetu. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kupewa kiwanja, wamejenga, wamepanda maharage na mahindi zaidi ya mara moja, wakati siku moja gari la wageni wapya lilipomshusha mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichopauka na viatu visivyolingana. Papa alikuwa shambani. Aliposikia, aliliacha jembe limesimama mchangani akaja mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Walishikana mikono wakabaki wakitazamana bila kusema, hata mimi nikadhani wamesahauliana majina.

Babu, baba yao, hakuwa ndani ya gari lile. Tantine alisema walitengana njiani usiku wa fujo, na tangu hapo hana habari zake.

Tantine alipewa chumba changu, au tuseme mimi nilibakishwa ndani ya chumba chake. Tulilala kwenye mkeka mmoja. Kule Uvira alikuwa akisoma sekondari katika sehemu waliyoiita mathi-fizik, yaani hesabu na fizikia, ambako wasichana walikuwa wachache mno, na alikuwa karibu kumaliza vita vilipoanza tena. Alitaka kuwa mhandisi wa madaraja. Nilipomuuliza daraja linasomwaje, alinichorea moja kwa kidole katika vumbi la uani, akanionyesha mahali ambapo uzito unakwenda, na akasema daraja lililojengwa vizuri ni lile ambalo mtu anapita juu yake bila kulifikiria.

Lakini vyeti vyake vilibaki huko, na hata kama vingekuwapo vilikuwa vya Kifaransa. Mkuu wa shule ya sekondari aliyokwenda kumwona alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia kwamba kama anataka kusoma Uganda, aanzie kidato cha tatu, kwa Kiingereza. Akakubali. Mwanamke ambaye wenzake wa umri ule walikuwa na watoto wawili au watatu akashona sketi ya buluu na blauzi nyeupe, akaanza kwenda shule pamoja na vijana wanaobadilika sauti. Watoto wa kijijini walimfuata njiani wakimwamkia "Shikamoo mwanafunzi." Yeye aliwajibu "Marahaba" bila kugeuza shingo.

Hesabu zenyewe aliziweza. Shida yake ilikuwa maneno yaliyozizunguka. Swali likiwa na tarakimu tupu alilimaliza kabla sijakaa vizuri. Likiwa limevaa hadithi, alikwama. Mimi nilikuwa darasa la nne, Kiingereza nilikianza tangu mdogo pamoja na watoto wa wenyeji wa Kinyankore, kwa hiyo kila jioni kabla giza halijaingia aliniita.

"Esta, kuya unisomee hapa. Banasema nini?"

Nami nilimsomea nikitafsiri, kidole kikitembea chini ya mstari. Mkulima mmoja ana shamba, anataka kulizungushia ua. Baba mmoja anagawa ng'ombe zake kwa wanawe. Mtu mmoja ametoka mji A kwa miguu kwenda mji B, na mwingine ametoka mji B kwenda mji A, je, watakutana wapi?

"Wanakimbia nini?" nilimuuliza.

"Hawakimbie. Banatembea tu."

"Wote wawili? Na kila mmoja anaacha kwao?"

Tantine alinitazama, akafikiri. "Swali haliseme," akajibu. Nilimhurumia sana yule wa mji A. Kwetu mtu aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine kwa miguu alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa nzuri.

Daftari zilikuwa za kazi za shule tu, hazikutosha kwa mazoezi. Ndipo Tantine alipoanza kuandika ukutani. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akafanyia hesabu zake kwenye ukuta wa chumba chetu, kuanzia juu kabisa anapofika kwa kunyoosha mkono hadi chini nilipolala mimi. Alama zile zilinizunguka nikilala. Nilizijua kwa sura kabla ya kuzijua kwa maana: ile inayofanana na paa la nyumba, ile inayofanana na jembe, mistari miwili midogo inayolala pamoja kama watoto kwenye mkeka. Ukuta ukijaa, Mama alikuja na ndoo ya udongo. Angeweza kumgombeza wifi yake kwa kuchafua nyumba. Badala yake alisimama mlangoni, mikono imejaa tope, akamwita mulamu, yaani wifi, akauliza kama mtu anayeuliza chumvi.

"Mulamu, niache kipande gani?"

Tantine alimwonyesha sehemu ambayo hajaimaliza. Mama akakandika kuizunguka, akaiacha kama kidirisha. Kesho yake ukuta ulikuwa umekauka, laini, tayari kuandikwa upya. Mama hakuwahi kuingia darasa lolote. Sikumsikia hata mara moja akisema hesabu ni nzuri au mbaya. Alikandika tu.

Katika kuandika kule, neno moja Tantine alilirudia kila siku, na mimi nilishalielewa kwa namna yangu. "Tunatafuta ikisi," alikuwa akinung'unika. "Ikisi iko wapi? Sasa ikisi imetoka." Siku nyingine alikuwa na furaha: "Nimeipata ikisi." Siku nyingine alilala akiwa hajaipata, na alijigeuzageuza mkekani.

Sasa mtu aelewe mazingira niliyokulia. Kule kambini kutafuta kulikuwa na maana moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote. Watu walitafuta watu. Kulikuwa na ofisi ya kutafuta, kulikuwa na picha zilizobandikwa, kulikuwa na mama mmoja jirani yetu aliyekwenda kila gari jipya likifika kutazama nyuso. Nami nikaamua kwamba Ikisi alikuwa mtu. Nilifikiri lazima ni mtu ambaye jina lake halisi halitajwi kwa usalama wake, labda mchumba aliyebaki Uvira, na kwamba kule ukutani Tantine alikuwa akihesabu barabara zote anazoweza kupita. Ndiyo maana alikuwa akifuta na kuanza upya.

Jioni moja baada ya kula ugali, Papa, ambaye alikuwa shemasi katika kanisa letu, alituambia kila mtu aombe kwa zamu. Ilipofika zamu yangu nikafumba macho kwa nguvu.

"Mungu Baba, tunakushukuru kwa bugari na maharage. Umusaidie Tantine amupate Ikisi, na kama anaumwa huko eko, umuponye. Amina."

Hakuna aliyesema amina. Nilifumbua macho nikakuta Papa ananitazama.

"Ikisi ni nani?"

"Ule mutu Tantine anamutafutaka ku ukuta."

Mama alijifunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Tantine aliangua kicheko, akacheka hadi akashika tumbo, akainama hadi paji la uso likagusa magoti. Kisha mabega yake yakaendelea kutikisika na sauti ya kicheko haipo tena. Papa alinyanyuka akaenda kukaa karibu yake, bega kwa bega, akamshika mikono kama siku ile ya gari.

Baadaye, tumelala, Tantine alinieleza. "Ikisi si mutu, mama. Ni herufi x, ni namba yenye hatujaijua bado. Inakuwaka pale, imejificha tu. Ukifuata njia muzuri, inajulikana."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na Babu?"

Alinivuta karibu, akanifunika bega lililokuwa nje. "Babu ni mambo ingine," akasema.

Nadhani usiku ule ndipo nilipoelewa, ingawa sikuwa na maneno ya kulisema, kwa nini mtu mzima anaweza kukaa mbele ya ukuta wa udongo saa nzima akiwa na uso wa amani.

Tantine alimaliza kidato cha nne na kufaulu, na hesabu aliifaulu kwa alama ya juu kabisa. Ugandani hapo ndipo mtu anachagua. Anachukua masomo matatu ya kwenda nayo kidato cha tano na cha sita, watu huyaita kombi, na kombi hiyo ndiyo inayoamua chuo kikuu kitamsomesha nini. Wakati huohuo mchungaji wetu alileta habari njema. Kulikuwa na nafasi katika shule moja ya uuguzi Mbarara, kanisa lingemlipia msichana mmoja wa Juru, na wazee wote walimtaja Zawadi.

Papa alifurahi kama aliyeponywa ugonjwa. Simlaumu. Alikuwa amewaona wanawake wakibebwa kwenye machela za miti kwenda zahanati, wengine wakichelewa. Alikuwa ameona kwamba muuguzi, awe mkimbizi au mwenyeji, hakosi mtu wa kumhitaji. Alimwambia dada yake uani, Mama akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu, na mimi nikimsaidia.

"Yaya, asante," Tantine alijibu. Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. "Lakini mimi nilitaka kuendelea na hesabu na fizikia."

"Hesabu inapikwaka na nini?" Papa aliuliza, si kwa dharau, aliuliza kweli. "Nielezee. Mukimbizi mwanamuke mwenye kujua hesabu, nani atamupatia daraja ajenge? Uuguzi uko hapa, mu mikono. Miaka michache unavaa nguo nyeupe."

"Uuguzi ni kazi ya heshima. Lakini si yangu."

"Nani alisema kazi lazima ikuwe ya mutu? Mimi nilisema kulima ni yangu?"

Tantine aliokota jani la sombe lililoanguka, akalikunja. "Yaya, angalia. Kifaransa yangu hapa haina kazi. Diplome sina. Batu benye nilisoma nabo sijue beko wapi. Hesabu njo kitu kimoja nilivuka nayo mupaka ikafika muzima. Kule na huku ni ile ile. Sasa uniambie niitupe mwenyewe?"

Papa alitazama upande wa ziwa la Nakivale. "Enda kwanza Mbarara," alisema hatimaye. "Waonane na wewe. Halafu tutaongea."

Nilikwenda naye, kwa kuwa Kiingereza chake cha kusema kilikuwa bado kinachechemea na mimi nilijua pia Kinyankore. Tulipanda juu ya lori la ndizi lililopitia Isingiro, tukakaa juu ya mikungu, upepo ukitupiga usoni. Vilima vyote vilikuwa migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Njia nzima nilimwona Tantine anatazama kila kidaraja tulichopita, akigeuza kichwa kukisindikiza.

Msimamizi wa shule ya uuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza maswali machache, nami nikatafsiri nikiwa nimesimama wima kama ninaimba wimbo wa taifa. Alimpenda Tantine, hilo lilionekana. Alisema watampokea, na akamwambia afike muhula ukianza. Tulitoka nje tukiwa na jambo ambalo wasichana wengi wa kambini wangelilia kwa furaha, tukakaa kwenye ngazi za duka moja lililofungwa, na chapati na chai mkononi. Tantine aliimega chapati yake vipande vidogovidogo bila kuvila.

"Esta, chuo kikuu kiko wapi?"

Sikujua. Tukauliza, tukaonyeshwa. Getini mlinzi alimpima Tantine kwa macho, kisha mimi, kisha miguu yetu yenye vumbi la Nakivale.

"Nyabo, wewe natafuta nani?" akauliza, akimwita bibi kwa Kinyankore.

"Tunatafuta mutu wa hesabu," Tantine akasema.

"Gani? Jina?"

"Yeyote."

Mlinzi alikuna kidevu. Huenda angetufukuza, lakini wakati huohuo mwanamke mmoja alikuwa akitoka, amevaa miwani na amekumbatia karatasi kifuani, naye mlinzi akamwita kwa kumfanyia utani. "Madamu, hawa nataka hesabu. Wewe iko nayo, wape kidogo."

Yule mwanamke alikuwa mhadhiri. Angeweza kucheka akaendelea na safari. Alituongoza hadi kwenye benchi la saruji kando ya njia, akaweka karatasi zake chini akazikalia zisipeperuke, akasema, "Haya, niambieni."

Tantine alisema kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kiingereza, yeye akajibu, nikarudisha. Nilijiona mkubwa kweli. Mhadhiri alieleza kwamba watu wengi hufika pale getini wakiwa wamechelewa. Mmoja anataka uhandisi, mwingine takwimu, mwingine kompyuta, mwingine uchumi, na wakiulizwa hesabu ya kidato cha sita iko wapi, hawana, waliiacha walipokuwa wadogo kwa sababu mtu aliwaambia ni ngumu. Aliyesoma hesabu anaweza baadaye kugeukia mambo mengine mengi. Aliyeiacha hupata tabu sana kuirudia. Kisha akaongeza jambo ambalo lilimfanya Tantine ainue kichwa. Alisema asiichukue kwa sababu ya kazi peke yake. Fizikia na hesabu ni masomo ya kukaa nayo usiku na mchana, na asiyeyapenda yatamtesa.

"Umuulize," Tantine akaniambia polepole, "kama mutu anaweza kuisoma bila kujua itamufikisha wapi."

Nilitafuta maneno. Nilichokisema kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi, nakumbuka, ni kwamba shangazi yangu anauliza kama hujui unakokwenda wanakuruhusu kuondoka.

Mhadhiri alivua miwani akaipangusa. "Mwambie," alinijibu, "wengi wetu humu ndani ndivyo tulivyokuja."

Tulirudi Juru. Papa alikuwa anatungoja njiani, amevaa shati la kanisani. Tantine hakumzungusha. Alimwambia wamemkubali, na kwamba hataenda. Papa aligeuka akatutangulia nyumbani, na kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumweleza, yeye shemasi, mbele ya wazee waliokwisha kutoa shukrani kanisani. Aliporudi hakula. Nafasi akapewa msichana mwingine wa kanisa letu, Furaha, na niseme ukweli, Furaha alikuja kuwa muuguzi mwema sana. Ndiye aliyempokea mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa kwa shida, Mama akiwa ameanza kupoteza nguvu. Siku hiyo Papa alitoka nje ya zahanati akasimama peke yake, na Tantine akamfuata. Walichoambiana hakikunifikia.

Tantine alisoma kidato cha tano na cha sita akiwa na hesabu, fizikia na kemia. Mimi sikuhitajika tena kumsomea maswali. Kiingereza chake kilishapona, na kwa kweli nilinuna kidogo kufutwa kazi. Matokeo yalipotoka, hesabu aliifaulu kuliko wote shuleni kwao. Kemia ndiyo iliyomwangusha. Alama zake hazikufika kwenye uhandisi.

Alituletea habari hiyo Mama akiwa anapepeta maharage. Alikaa chini, akashika ungo wa pili, akaanza kupepeta naye. Alipepeta muda mrefu. Makapi yaliruka yakamtua nyweleni.

"Madaraja yameisha, mulamu," akasema.

Mama aliendelea kupepeta. "Na hesabu?"

"Hesabu iko."

"Basi," Mama akasema, na akamtoa makapi nyweleni kwa vidole.

Kulikuwa na ufadhili wa masomo kwa vijana wakimbizi. Wakati wa usaili walimshauri achukue ustawi wa jamii, eti ndiyo kozi inayowafaa wakimbizi, itamrudisha kambini kusaidia watu wake. Tantine aliwashukuru, akaomba kozi ya ualimu wa hesabu na fizikia. Walimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Aliipata, hukohuko Mbarara, na wakati wa likizo alirudi na vitabu vizito ambavyo Papa alivifungua na kuvitazama kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, akivifunga kwa uangalifu.

Siku ya mahafali Papa alivaa suti ya kuazima iliyompita mabega. Jina la dada yake lilipotajwa, alipiga makofi mawili, akaacha, akatoa leso akajifuta uso mzima kama mtu aliyetoka kuoga. Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alianza kumweleza kila mgeni kwamba hesabu njo, yaani ndiyo, mama ya kazi zote. Aliwauliza watoto wa majirani jedwali la kuzidisha wakija kuchota maji. Mzee ambaye alikuwa ameuliza hesabu inapikwaka na nini sasa alihubiri habari zake kuliko Injili, na Mama alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho akitabasamu ndani ya sufuria.

Ubaya ni kwamba aliyefuata kuchagua nilikuwa mimi.

Hesabu niliiweza vya kutosha. Tantine mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifundisha, kwa kuwa alipata kazi katika shule yetu, upande wa Isingiro. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri, na Papa akaona yameshaandikwa: fizikia, hesabu, chuo kikuu, na pengine yale madaraja yaliyomponyoka Zawadi yakajengwa na binti yake. Lakini tangu jioni zile za ukutani, kilichonishika mimi hakikuwa jibu. Nilipenda pale neno la lugha moja linapotafuta mwenzake katika lugha nyingine. Nilitaka kusoma lugha. Sikuthubutu kumwambia.

Jumamosi moja alinichukua kwenda kwa Tantine, akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi ya kumpelekea. Alitaka dada yake anishauri, na hakuwa na shaka atashauri nini. Tulimkuta akifundisha wanafunzi wa mtihani. Aliwapa zoezi, akamwacha Papa kivulini kwa tangi la maji, akaniingiza katika darasa tupu la pili.

"Sasa niambie mwenyewe," alisema. "Unapenda nini?"

Nikamwambia. Lugha, fasihi, historia.

Alitazama ubao mweusi uliokuwa nyuma yangu. "Hata hesabu moja tu, ukaichanganya na mbili za zile unazopenda?"

"Hapana, Tantine."

"Na mimi nilikuwa nimekuwekea..." alianza, kisha akaacha. Sikujua alikuwa ameniwekea nini, na hakunieleza kamwe. Niliona tu uso wake ukishuka kidogo na kurudi, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haikuwapo. Aliweka mkono wake wenye chaki kichwani pangu, akatoka nje. Nikamfuata.

"Yaya," alimwambia Papa, "Esta ataenda mu lugha. Njo mimi nimemushauri. Niliangalia hesabu yake, nikaona haitamubeba."

Papa alisimama. "Wewe? Wewe mwenyewe njo unasema?"

"Mimi," Tantine akajibu, akitazama vidole vya miguu yake.

Nilitaka kusema. Tantine alinikazia jicho. Papa alishusha gunia la mahindi, akaliegemeza tangini, akashukuru kwa maji aliyopewa, akageuza baiskeli.

"Enda na yeye," Tantine akaninong'oneza. "Kile kilima ni kirefu." Kisha akarudi darasani, nikamsikia akiwaambia wanafunzi wake waonyeshe kazi, hatua kwa hatua, asiruke mtu.

Tulipanda kilima, Papa ameshika usukani na mimi nasukuma kwa nyuma. Wingu lilikuwa limeinuka upande wa ziwa. Nilingoja aseme jambo, hasira au huzuni, na kila alipovuta pumzi nilijiandaa. Katikati ya kilima alisimama, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akafuta jasho.

"Zawadi hajuaka kudanganya," alisema. "Tangu mutoto. Akidanganya, anaangaliaka miguu."

Alinitazama, na niliona hajakasirika, alikuwa amechoka tu, na nyuma ya uchovu kulikuwa na kitu kama kicheko kinachojizuia.

"Lugha gani sasa?" akauliza.

"Zote, Papa."

Alitikisa kichwa, akalitoa jiwe kwa mguu. "Sukuma, mama," akasema. "Mvua inakuya."